Kutumia saa janja kutafuta dalili za kukosa pumzi usingizini

Kukoroma kumezoeleka kwetu kiasi kwamba mtu akikoroma tunasema amepata usingizi mzito. Kwa wengi hali ni kinyume kabisa. Mwenye apnea ya usingizi hulala kwa muda wa saa nane akaamka amechoka kama aliyekesha msibani, kwa sababu koo lake lilikuwa likijifunga usiku kucha. Misuli ya ulimi na kaakaa inalegea, njia ya hewa inaziba, kifua kinahangaika kuvuta hewa isiyopita, oksijeni inashuka kwenye damu, na mwishowe ubongo unamshtua kidogo ili koo lifunguke. Anavuta pumzi kwa kishindo, anageuka, analala tena. Asubuhi hakumbuki chochote.

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, hilo ni tukio moja. Madaktari huhesabu matukio kwa kila saa ya usingizi, pamoja na yale ambayo pumzi haikukatika kabisa ila ilipungua sana, na idadi hiyo huiita AHI. Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 14 ni apnea ndogo, 15 hadi 29 ni ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Makadirio yaliyochapishwa 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine yalitaja watu wazima milioni 936 duniani wa umri wa miaka 30 hadi 69 wenye tatizo hili, na kati yao milioni 425 wenye kiwango cha kati au kikali. Wengi wao hawajui. Wanatibiwa presha isiyoshuka, maumivu ya kichwa ya asubuhi au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na hakuna aliyewauliza wanalalaje.

Saa ya mkononi inaweza kukuanzishia safari ya kujua. Ila shika hili kabla ya kuendelea: saa ikikuambia una dalili, iamini, nenda hospitali. Ikikuambia huna, usiifanye cheti. Sababu zake utaziona huko mbele.

Hatua ya 1: Anza na futi na anayelala karibu nawe

Kabla ya kutoa hela yoyote, jibu maswali manane ya STOP-Bang. Hili ni dodoso lililotungwa na Dkt. Frances Chung na wenzake huko Toronto, Kanada, likachapishwa 2008. Lilikusudiwa wagonjwa wanaosubiri upasuaji, maana mwenye apnea akipigwa nusu kaputi bila wahusika kujua anaweza kupata shida ya pumzi mezani au baada ya kutoka. Kila jibu la ndiyo ni alama moja.

- Unakoroma kwa sauti inayosikika hata mlango ukiwa umefungwa?
- Mchana unachoka au kusinzia mara kwa mara?
- Kuna mtu amewahi kukuona ukiacha kupumua au ukikabwa usingizini?
- Una presha ya kupanda, au unatumia dawa zake?
- BMI yako imezidi 35?
- Umevuka miaka 50?
- Shingo yako imezidi sentimita 40?
- Wewe ni mwanamume?

Kupata BMI, chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mtu wa kilo 104 mwenye urefu wa mita 1.70 anapata 36 hivi. Shingo ipimwe kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kikoromeo, bila kubana.

Swali la tatu huwezi kulijibu mwenyewe, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Muulize mwenzio. Katika nyumba nyingi mke anajua tangu zamani. Keshahamia chumba cha watoto na anasema ni kwa sababu ya joto. Mwombe asikustahi. Anayelala peke yake amuulize aliyewahi kulala naye chumba kimoja safarini, bwenini au kwenye zamu. Na wapo wanaokurupuka usiku wakihema, wakadhani wamekabwa na jinamizi. Likikutokea mara kwa mara, lihesabu kama ndiyo.

Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 na 4 ni ya kati, 5 na zaidi ni kubwa. Ukipata 5, kwa maoni yangu huna haja ya saa. Ruka hadi hatua ya 7, na hela ya saa iwe ya kipimo. Kwa upande wa akina mama, kuwa mwangalifu zaidi: dodoso hili linawapunja alama moja tangu mwanzo, na dalili zao mara nyingi ni uchovu, kukosa usingizi na kichwa kuuma, bila mkoromo wa kutikisa nyumba. Mwanamke mwenye alama 3 asijione yuko salama.

Hatua ya 2: Ijue saa yako inapima nini hasa

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu maboksi yote yanasema kitu kilekile. Ukweli ni kwamba kuna makundi matatu.

La kwanza ni saa zenye kipengele kilichokaguliwa na mamlaka za afya kwa ajili ya apnea. Samsung walipata idhini ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, Februari 2024. Kipengele chao ni cha watu wa miaka 22 na kuendelea: unalala na saa usiku mara mbili ndani ya siku 10, zaidi ya saa nne kila mara, nayo inafuatilia oksijeni inavyopanda na kushuka, kisha inakuambia kama kuna dalili za apnea ya kati hadi kali. Apple walipata idhini yao Septemba 2024. Wao wamepita njia nyingine. Hawategemei oksijeni, wanatumia kifaa kinachohisi mtikisiko mdogo wa mkono unaoambatana na kukatika kwa pumzi. Kipo kwenye Apple Watch Series 9, Ultra 2 na zilizofuata, kwa watu wa miaka 18 na kuendelea ambao bado hawajagundulika na apnea. Kinahitaji angalau usiku 10 wenye data ndani ya siku 30 ndipo kitoe hukumu.

Kundi la pili ni saa na pete zinazopima oksijeni usiku bila kutoa neno lolote kuhusu apnea. Saa nyingi za Garmin, Fitbit na Xiaomi ziko huku. Zinafaa kwa kadiri yake, ila angalia jambo moja: nyingi haziko macho muda wote. Ili betri isiishe, saa huwasha taa yake nyekundu mara moja kwa dakika kadhaa, inapima, inazima. Koo likijifunga kwa sekunde 20 katikati ya vipimo viwili, hakuna kumbukumbu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na wastani mzuri wa asilimia 95 asubuhi huku usiku wake ulikuwa wa mateso.

La tatu ni zile saa za bei ya kutupa zilizojaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi, zisizo na jina au zenye jina lililoibwa. Namna ya kuzitambua ni rahisi: soma boksi. Likidai saa inapima sukari kwenye damu bila kuchoma kidole, irudishe kwenye shelfu. Februari 2024 FDA walionya hadharani kuwa hawajawahi kuidhinisha saa au pete yoyote ya kupima sukari kwa namna hiyo. Anayeweza kudanganya kuhusu sukari atashindwaje kudanganya kuhusu oksijeni?

Halafu kuna suala la rangi ya ngozi, ambalo kwetu si la pembeni. Kipimo cha oksijeni hupitisha mwanga kwenye ngozi, na melanini huumeza sehemu ya mwanga huo. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Marekani uliolinganisha kipimo cha kidoleni na damu yenyewe. Miongoni mwa wagonjwa weusi ambao kipimo kilisema oksijeni yao iko kati ya asilimia 92 na 96, asilimia 11.7 yao walikuwa na oksijeni chini ya 88 kwa kweli. Kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Hivyo vilikuwa vipimo vya hospitali. Saa ya mkononi, inayopimia mahali ambapo damu ni hafifu kuliko kwenye kidole, usiipe imani kubwa zaidi ya hiyo. Jambo la kufanya ni kutoing'ang'ania namba moja moja. Tazama mwendo: inashuka mara ngapi, na inarudi vipi.

Hatua ya 3: Kama saa inatoka ng'ambo

Vijana wengi walioko Muscat, Doha au Dubai hupenda kumletea mzazi saa ya aina hii. Ni zawadi nzuri, ila mara nyingi inaishia kuonyesha saa ngapi tu. Apple Watch haiwezi kusetiwa bila iPhone. Kipengele cha apnea cha Samsung kinadai simu ya Galaxy. Mzee akiwa na Tecno au Itel, umemletea bangili. Pia vipengele hivi hufunguliwa nchi kwa nchi, kwa hiyo kinachofanya kazi Dubai kinaweza kisionekane Tanga. Kabla ya kulipa, ingia kwenye tovuti ya kampuni, tafuta orodha ya nchi, hakikisha nchi atakayoitumia mzee imo. Saa ikishafika, kwenye iPhone fungua programu ya Health sehemu ya upumuaji. Kwenye Galaxy fungua Samsung Health Monitor. Usipoona mahali pa kuwasha kipimo cha apnea, sasisha programu za simu na saa kwanza. Bado hakuna? Basi saa hiyo kwako ni ya kundi la pili.

Hatua ya 4: Ivae ipasavyo

Chaji saa jioni, wakati wa kuoga na kula, maana ikilala kwenye chaja haipimi kitu. Iwe na angalau nusu ya betri unapopanda kitandani. Washa ufuatiliaji wa usingizi; bila huo Apple na Samsung zote hazianzi kuhesabu.

Saa ikae juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, upana wa kidole kimoja kuelekea kiwiko. Ibane kiasi kwamba mgongo wake haunyanyuki ukigeuza mkono, lakini isiache alama nzito asubuhi. Futa mafuta ya kujipaka sehemu hiyo na kwenye kioo cha nyuma. Chale zenye wino mzito huzuia mwanga, hamishia mkono mwingine. Ukitumia kifaa cha kidoleni, chagua kidole kisicho na rangi ya kucha wala piko. Baridi nayo inaharibu vipimo. Kwa aliyeko Njombe au Limuru mwezi wa saba, mkono uwe ndani ya blanketi.

Lala kama ulivyozoea. Hapa watu hujidanganya: akishavaa saa, anaacha bia, analala ubavu, anawahi kitandani, halafu anafurahia majibu. Pombe na dawa za usingizi hulegeza koo na kuongeza apnea, na kulala chali huizidisha kwa wengi. Kama hizo ni sehemu ya usiku wako wa kawaida, acha ziingie kwenye kipimo. Ziandike tu pembeni, uone usiku upi ulikuwa mbaya na ulifanya nini jioni yake.

Watoto hawamo kwenye mwongozo huu. Mtoto anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu kwao tatizo huwa zaidi kwenye tezi za koo na za nyuma ya pua. Mjamzito aliyeanza kukoroma na presha inapanda aseme kliniki bila kusubiri saa.

Hatua ya 5: Rekodi sauti pia

Hii ni bure na wengi hawaifanyi. Weka simu kwenye kiti, mita moja kutoka kichwani, washa kinasa sauti cha kawaida. Ukiwa na feni, isogeze isipulize kwenye simu.

Usisikilize yote. Nenda kwenye saa za mwisho kuelekea alfajiri, wakati ndoto zinapokuwa nyingi na misuli imelegea zaidi. Mkoromo mtupu una mdundo: unapanda, unashuka, unajirudia bila kukatika. Unachokitafuta ni mdundo unaovunjika. Mkoromo unaongezeka, unakuwa wa kukwaruza, kisha kimya. Unasikia jogoo wa jirani, unasikia kitanda. Hesabu: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tano. Halafu unakuja mfurukuto kama mtu aliyetolewa kichwa majini, pumzi tatu nne za haraka, na mkoromo unaanza upya. Ukikuta mfululizo huo ukijirudia kila dakika au mbili, kata kipande cha dakika tano ukihifadhi. Daktari akikisikia kwa masikio yake, maelezo yako mengine yanakuwa mafupi.

Hatua ya 6: Soma majibu bila hofu na bila kujifariji

Kwa saa za kundi la kwanza, jibu huja kwa maneno: dalili zimeonekana, au hazijaonekana. Katika uchunguzi wa Apple wenyewe, saa iliwanasa takriban theluthi mbili ya watu wenye apnea ya kati na kali. Wenye apnea kali ilinasa wengi, wenye ya kati iliwakosa zaidi ya nusu. Upande wa pili, kila mtu ambaye saa ilimtaja alikutwa na apnea angalau ndogo. Sasa unaona kwa nini nilisema mwanzoni kwamba jibu la ndiyo lina uzito na jibu la hapana halina. Kampuni waliiseti makusudi isipige kelele ovyo, na gharama yake ni kuwaacha wengine.

Kwa saa za kundi la pili, fungua grafu ya oksijeni ya usiku mzima. Usingizi mzuri unachora mstari uliotulia, unaocheza alama moja au mbili. Apnea inachora meno ya msumeno: 95, 94, 88, 95, 94, 87, 96. Kuporomoka na kurudi, kuporomoka na kurudi, hasa kwa mafungu mafungu. Shimo moja la peke yake saa tisa usiku pengine ni mkono uliolaliwa. Mstari mzima ukiwa chini bila meno ni habari nyingine. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mkaazi wake anaweza kuwa chini kidogo ya alivyokuwa Mombasa bila ugonjwa wowote. Lakini pumu, moyo usiosukuma damu vizuri na selimundu pia huuteremsha mstari, na hizo zinahitaji daktari kwa njia yake.

Mambo mawili yakupeleke hospitali hata saa ikisema uko sawa: kusinzia ukiwa kwenye usukani, na presha inayokataa kushuka ukiwa unatumia dawa tatu. Mtu anayeendesha lori Dar hadi Tunduma na anajikuta amevuka mstari bila kujua asisubiri usiku 10 za Apple. Na ukiwa macho huku pumzi inakuwa shida, kifua kinauma au midomo inageuka rangi, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Peleka ushahidi hospitali

Usiende na saa mkononi ukitegemea daktari aikodolee macho. iPhone hutengeneza faili la PDF lenye data ya miezi mitatu, lichape. Kwa saa nyingine, piga picha za skrini za usiku mbaya watatu au wanne, pamoja na mmoja mzuri. Ongeza alama zako za STOP-Bang, kile kipande cha sauti, orodha ya dawa zako na vipimo vya presha vya wiki mbili. Anayelala nawe akifuatana nawe, ni bora kuliko karatasi zote hizo.

Mlango wa kuingilia ni daktari wa masikio, pua na koo, au wa mapafu. Mwenye ugonjwa wa moyo aanze na daktari wake wa moyo, kwa sababu kuna apnea nyingine ambayo koo liko wazi ila ubongo unaacha kutuma amri ya kupumua. Saa haiwezi kuzitofautisha, na matibabu yake si yaleyale. Daktari akikujibu kwamba kukoroma ni unene tu, ukapungue, omba kipimo kwa upole lakini usiondoke bila jibu. Kupunguza uzito kunasaidia kweli. Hakumzuii mtu kupimwa wakati huohuo.

Kipimo ni cha aina mbili. Kuna cha nyumbani: unapewa kifaa chenye kibanio cha kidole, kimrija cha puani na mkanda wa kifua, unalala nacho usiku mmoja au zaidi, unakirudisha. Na kuna polisomnografia, ambayo unalala hospitali ukiwa umebandikwa nyaya kichwani, kifuani na miguuni, mtaalamu akifuatilia usiku kucha. Hivi si vya kila hospitali hata mijini, kwa hiyo piga simu kwanza, uliza wanafanya kipi, foleni ni ya muda gani, na kama bima yako inalipia kipimo peke yake au na mashine pia. Majibu ya swali la mwisho yanaweza kubadili uamuzi wako wa hospitali ipi.

Ukigundulika, tiba inayotumika zaidi ni CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Ilielezwa mara ya kwanza 1981 na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney. Wengine hufaa kwa kifaa cha meno kinachosogeza taya la chini mbele, wengine kwa upasuaji. Ukiwa na upasuaji wa jambo lingine lolote mbele yako, mwambie mtaalamu wa nusu kaputi kuhusu apnea hata kama hajauliza.

Mashine ya CPAP hurekodi yenyewe AHI ya kila usiku, saa ulizoitumia na hewa inayovuja kwenye barakoa. Namba za kufuatilia maendeleo zitoke humo, zisitoke kwenye saa. Kipengele cha Apple, kwa mfano, hakikukusudiwa kabisa mtu ambaye tayari ameshagundulika. Siku ya kliniki chomoa kadi ya kumbukumbu ya mashine uende nayo, na barakoa pia, maana nusu ya wanaoacha CPAP wangepona adha kwa kubadilishiwa saizi ya barakoa tu, angalau kwa macho yangu.